Papasi wa Kwetu

Mjukuu wangu anasomea unesi. Jioni, tukishakula, ananiwashia tamthilia ya madaktari. Ni ya nchi za watu, imetiwa sauti za Kiswahili, mdomo unafunguka kabla ya neno na kufungwa baada yake, lakini nimeizoea na sitaki kuikosa. Kila mara analetwa mgonjwa mwenye maradhi ya ajabu, na kila mara madaktari wanagombana ukumbini: wamwambie ukweli au wamfiche, wamkate mguu au wauache, figo moja iliyopo wampe kijana au mzee. Wazuri wote, hakuna hata mmoja mwenye jasho kwapani.

Juzi walikuwa na mjamzito mwenye uvimbe. Dawa ya kumponya yeye ingemuua mtoto, na bila dawa angekufa yeye. Wakagombana hadi mmoja akavua koti lake jeupe akalibwaga chini. Mwishowe wakaingia chumbani kwa yule mama, daktari mkubwa akaketi kitandani, akamshika mkono, akamwuliza: mama, wewe unataka tufanye nini?

Nikamwambia mjukuu wangu azime. Alidhani nimechoka. Sikuchoka hata kidogo, nilikuwa na hasira ya kutaka kurusha kikombe. Akasema, bibi, hayo ndiyo tunayofundishwa, kuna somo lake zima linaitwa maadili. Akaniuliza enzi zetu walikuwa wanaamuaje. Nikamwambia enzi zetu kulikuwa na watu wengi sana wa kuulizwa. Nilipoanza kumsimulia sikuweza kufika mwisho, ndiyo maana nimeona niyaandike.

Sisi ni watu wa Kimuli, huko Karagwe. Kwetu kulikuwa na migomba, kahawa katikati ya migomba, na nyumba ya msonge iliyotandikwa nyasi sakafuni. Ndani ya vumbi na nyufa zake waliishi papasi. Msijitie kushangaa, nyumba zote zilikuwa nao. Ni mdudu bapa wa kijivu, ndugu yake kupe, anatoka gizani, anakunyonya, anarudi zake, na asubuhi huna habari. Sisi tulizaliwa tukiumwa nao na hatukufa. Lakini mgeni akilala kwetu, baada ya siku chache anatetemeka na macho yamegeuka njano. Wachuuzi waliokuwa wakipita kwenda Murongo, mpakani, walilijua hilo, na wengine walikubali kulala nje kwenye baridi kuliko kuingia ndani.

Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Walisema papasi wa nyumba wanamjua mtu wa nyumba. Ukihama ukakaa mbali wanakusahau, na ukirudi wanakupokea kama mgeni. Dawa yake ni kuondoka nao. Dada yangu alipoolewa, mama aliokota papasi kwenye kona ya msonge alikokuwa akilala bibi yetu, akawatia katika kibuyu kidogo, akakiziba kwa jani kavu la mgomba, akakifunga katikati ya nguo za bibi harusi. Akamwagiza awaweke chini ya kitanda huko aendako, wamuume mara mojamoja, ili siku akirudi nyumba isimkatae.

Najua mnacheka. Mjukuu wangu hakucheka. Alisema inawezekana, mwili unaoumwa mara kwa mara huizoea ile homa, na ukikaa muda bila kuumwa unaisahau. Sasa mimi sijui. Sitaki kumfanya mama kuwa daktari, maana katika yaliyofuata na yeye ana sehemu yake.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtu wa upande wa Bukoba, karani wa ghala la kahawa, viatu na soksi, nyumba ya saruji na bati. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Alipokikuta kile kibuyu alikifungua, akaruka, akakitupa motoni. Kisha akawasimulia rafiki zake jinsi mkewe alivyokuja na mifugo kutoka Karagwe. Walishika mbavu, na dada naye alicheka pamoja nao, ndivyo alivyotusimulia mwenyewe siku aliporudi. Sisi pia tukacheka. Mama aliuliza tu kama kilikuwa kimeungua chote.

Dada alirudi baada ya miaka kadhaa ya kungoja mtoto, akiwa na mimba ya kwanza. Msimu ule shemeji alikuwa anazungushwa kwenye vituo vya kununulia kahawa, akaona mkewe asijifungue peke yake mjini, akazalie kwa mama yake. Alishuka kwenye lori amevaa gauni la maua, amenenepa, ngozi inang'aa, nikambebea sanduku lake kichwani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachumbiwa, na nilimwonea wivu kwa kila alichokuwa nacho, hata sabuni yake ya kuogea.

Sasa mama akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria natamani kumfufua nigombane naye. Chumba cha mbele kilikuwa kimekandikwa upya, safi, lakini hakumlaza huko. Alimlaza kwenye kona ile ile ya bibi, juu ya nyasi za zamani, makusudi. Alisema binti yake amekaa mbali mno, papasi wake wameteketezwa, na kwa hiyo ni lazima nyumba imtambue upesi kabla uzazi haujafika, isije homa ikamkuta kwenye uchungu. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dawa, na kuchelewa ndiko kulikokuwa hatari. Dada hakubisha. Alisema kwa utani, haya, waje wanisalimie, mimi si mgeni.

Wakamsalimia. Haikupita muda akashikwa na baridi, kisha joto, kichwa, viungo, matapishi, na macho yakageuka njano. Mama akasema ndiyo nyumba inamtambua. Mimi nikatoka kuwaita wanaume wa jirani, wakamfunga kwenye machela, wakapokezana mabega hadi zahanati, mwendo wa saa mbili hivi.

Zahanati ilikuwa ya vyumba viwili na dresa mmoja. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akagawa vidonge na kuchoma sindano, na sisi tulimwita daktari kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Alikuwa kijana wa upande wa Bukoba pia, kaptula imepigwa pasi, na kazi yake aliijua. Alimtazama dada macho, akambonyeza chini ya mbavu za kushoto, akauliza ametoka wapi na amelala wapi. Akasema hii ni homa ya papasi. Itashuka yenyewe na mtashangilia, halafu itarudi. Sindano yake ipo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kumbe bado. Alimwita baba nje, nami nikafuata bila kuitwa. Tulisimama hapo mlangoni, machela ikiwa chini kivulini karibu na miguu yetu. Dresa akaeleza kwamba sindano ile ikimwingia mgonjwa wa homa hii, kwanza homa hupanda kwa ukali na mwili wote hutikisika, ndipo hushuka. Kwa mjamzito, mtikisiko huo unaweza kuitoa mimba. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba asipochomwa, homa ikirudi inaweza kuitoa mimba hiyo hiyo na kumchukua mama pamoja nayo. Basi tamthilia yenyewe ndiyo hiyo. Dawa ilikuwa kabatini na mgonjwa alikuwa hapo.

Dresa akamwuliza baba. Baba akasema binti si wake tena, ameolewa kwa mila na kwa kanisa, na mimba ni ya ukoo wa watu. Wakisema amewaulia mtoto atawajibu nini? Aulizwe mwenye mke. Alipoona dresa bado anamtazama, akamgeukia katekista aliyekuwa amefuatana nasi kumwombea mgonjwa. Katekista akasema kutoa mimba ni dhambi, ila kama ni kutibu homa, hilo swali ni la padri, na padri alikuwa ziarani kwenye vigango, makanisa madogo ya vijijini. Mama akasema sindano haina haja, nyumba ikishamaliza kumtambua atapona. Dresa akaona amepata pa kuegemea. Akasema basi na tungoje idhini ya mume, subira yavuta heri.

Nikamwambia mbele ya wote, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Baba alinikata jicho. Nikaambiwa msichana aliyechumbiwa hafungui mdomo hivyo mbele ya wanaume, niende nikamchotee mgonjwa maji. Nilipoinama na kata ya maji niliona dada ana macho wazi. Alikuwa amesikia kila neno, tangu la kwanza. Hakuna mtu aliyekuwa amemgeukia.

Kaka yetu alitumwa Bukoba kwa lori la kahawa, akamwulize shemeji. Zilikuwa mvua za masika na barabara ilikuwa tope tupu. Sisi tukamrudisha dada nyumbani, safari hii akalazwa chumba cha mbele, na kama alivyosema dresa, baada ya siku chache akatoka jasho la kulowanisha mkeka, homa ikashuka. Mama akapiga vigelegele. Katekista akaja tukasali rozari nzima ya shukrani. Dada akaketi uani juani, akala ndizi na maharage, akadai senene, wale panzi wa kukaanga, wakati si msimu wao, tukamtania kwamba mtoto wake atazaliwa mlafi. Aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni nimsikie akicheza. Alikuwa anacheza kweli, mateke ya nguvu.

Nyumba nzima ikamsahau dresa. Baba akawa anawaambia majirani kwamba wataalamu nao hutisha watu bure. Dada alisikiliza, akatabasamu, akaitikia shikamoo za watoto waliokuja kumwona, wala hakumpinga mtu.

Asubuhi moja akaniambia nimsindikize kunyoosha miguu. Alikuwa amevaa lile gauni la maua na kufunga kitambaa kichwani kama anayekwenda misa. Tulikwenda polepole, tukipumzika kila tulipoona kivuli, na nilijua tunakokwenda kabla hajasema. Njiani alizungumzia mambo ya kawaida: nyumba yake ya Bukoba, jirani yake mmoja anayependa kuazima chumvi, mumewe anavyokoroma. Aliniambia nikiolewa nisikubali kukaa na wifi mwenye mdomo. Nilicheka.

Dresa alikuwa anafunga kidonda cha mguu wa mzee mmoja. Dada alingoja amalize na mzee atoke. Akamwamkia vizuri, akaketi kwenye benchi. Halafu akasema naye kwa namna ambayo sijawahi kumsikia mwanamke wa kwetu akisema na mwanamume yeyote.

"Daktari, nimekuja unichome. Yote uliyosema siku ile niliyasikia, nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa. Mimba ikitoka nitalia, lakini nitakuwepo wa kulia. Nichome leo nikiwa na nguvu."

Dresa alijifuta mikono muda mrefu. Alikiri kwamba anasema kweli, leo ingekuwa siku nzuri kuliko ile ya machela, maana homa imelala na mwili una nguvu. Lakini akamwomba amwelewe. Alimwita dada shemeji yake, kwa kuwa mumewe ni mtu wa kwao. Alisema yeye anaishi peke yake kwa watu hawa. Mimba ikitoka mikononi mwake, itasemwa dresa amemwua mtoto wa karani, baba hana habari, mume hana habari. Amlete baba yake, aseme ndiyo mara moja tu, na atamchoma papo hapo.

"Na mimi nikisema ndiyo, hiyo si ndiyo?" dada akamwuliza.

Dresa akageukia kabati. Akampa vidonge vya kutuliza maumivu, akatusindikiza mpaka njiani, akatutakia safari njema kwa heshima zote. Heshima ile nilitaka kuitemea mate. Nilimtukana njia nzima, yeye na kaptula yake. Dada hakumtukana. Alisema yule ni mwoga tu, na mwoga akiona mwenzake amesimama na yeye husimama, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kwake na baba.

Jua lilipopoa baba alikuwa uani na rubisi yake, pombe ya ndizi. Mimi nilikuwa namenya ndizi hapo karibu. Dada alipiga magoti mbele yake, akamweleza tulikokwenda, bila kuficha. Akamwomba kesho waende wote, akaseme neno moja. Baba yangu alimpenda sana dada, nalisema hili msije mkadhani alikuwa gogo. Alimwinua, akamfuta uso kwa kiganja chake. Akasema, "Mwanangu, umepona. Jibu la mume wako liko njiani. Nitasemaje ndiyo juu ya kitu kisicho changu?" Dada alimtazama kidogo, akaja kukaa karibu nami, akachukua kisu, tukamenya ndizi pamoja mpaka zikaisha.

Homa ilirudi kaka akiwa bado hajarudi. Ilirudi na nguvu kuliko mwanzo, na uchungu ukaanza papo hapo, kabla ya wakati wake, kwa hiyo hapakuwa tena na habari ya machela. Mtoto alizaliwa kulipopambazuka, mvulana, viungo vyote kamili, hana pumzi. Damu ikafuata na haikukatika. Nilikimbia zahanati mwenyewe. Dresa alipouona uso wangu hakuuliza, alitia vifaa vyake mfukoni, akanipakia nyuma ya baiskeli, na lazima nikiri kwamba alikanyaga kama mtu anayefukuzwa, tope limetujaa mpaka usoni.

Alifika, akapiga goti, akamchoma. Mume hakuwepo, padri hakuwepo. Baba alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyemwuliza neno. Sindano iliingia bila idhini ya mtu, kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi moja. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote! Dada hakusema jambo lolote la kukumbukwa. Aliomba maji, nikampa, na mchana akafa.

Kwa desturi mke wa mtu huzikwa kwa mumewe, au angalau mumewe hungojewa. Baba alitaka kungoja. Mama ndiye aliyekataa: hangojewi mtu tena katika nyumba hii. Tulimzika nyumbani kwetu, kwenye migomba, na mwanawe kifuani. Watu walipotawanyika, mama aliingia msongeni, akakusanya nyasi zote za kona ya bibi, akazitoa uani akazichoma.

Shemeji alifika na kaka baada ya mazishi. Lori lilikuwa limekwama matopeni kabla ya Kyaka na sehemu kubwa walitembea. Alikuja uani kwetu ameshika viatu mkononi, miguu imepasuka. Habari walikuwa wameipata njiani. Kaka akatuambia kwamba kule Bukoba alimkuta shemeji ametoka vituoni, naye hakumwacha hata amalize kueleza. Alisema achomwe, mara moja achomwe, kisha akaacha kazi yake mezani akapanda lori aje mwenyewe.

Tulimpa kiti. Baba alimweleza yote kwa utaratibu, kama mtu aliyesimama barazani: homa, dresa, sindano, hofu ya mimba, katekista, padri aliyekuwa ziarani. Akasema, mkwe wangu, hatukutaka kukuvunjia heshima. Shemeji alisikiliza ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimeyapanga maneno mdomoni, nimwulize mbele ya watu ni nani aliyewatupa papasi wa mama motoni na ni nani aliyecheka. Kisha akainua uso wake, macho mekundu, akamtazama baba.

"Na yeye mwenyewe alisemaje?"

Baba alitazama chini. Katekista, aliyekuwa ameketi pembeni, naye alitazama chini. Ningeweza kujibu mimi, na nilitaka, lakini nilitaka zaidi baba ajibu kwa mdomo wake.

"Alisema achomwe."

"Alimwambia nani?"

"Alituambia sote," baba akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe."